Taa Iliyoishia Kiunoni

Nimeacha kazi kwa sababu macho yangu yameingia ukungu. Daktari aliponisogezea kile kitaa chake kidogo usoni nikamwambia, "Baba, globu yako imekaa upande, inamulika shavu." Akashtuka, akakifungua, akaikuta imelegea kweli. Hiyo ndiyo taa ya mwisho niliyoitengeneza, na sikuigusa hata kwa kidole.

Ninyi mafundi wa taa mliobaki hapa Msamvu mmenisumbua muda mrefu niwaandikie tulivyoanza. Haya, naandika. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta nukta na mkato atafute kwingine. Cheo changu miaka yote kilikuwa "yule mama", na hakikupanda wala kushuka, kwa hiyo hilo tuliruke.

Nilianza kwa kuuza uji kwenye gereji. Fundi waya pale alikuwa Salehe, mtu mfupi, mpole, kofia haitoki kichwani hata akiwa chini ya lori. Siku moja msaidizi wake hakutokea. Akaniita.

"Mama Anastazia, weka birika chini, unishikie huu waya."

"Utaniua, fundi."

"Umeme wa gari hauui. Unaaibisha tu."

Nikaushika. Nilikuwa nimesimama kifua mbele kama askari. Ncha ikagusa bodi ya lori, na honi ikanilipukia sikioni. Nilirukia juu ya birika langu mwenyewe. Uji ukaenda wote. Gereji nzima ilicheka, dereva mmoja akalala chini kabisa kwa kucheka. Salehe peke yake hakucheka. Akaniambia, "Sasa waya wa honi umeujua. Hutausahau mpaka kufa." Na kweli, nauota mpaka leo. Kesho yake nilirudi na uji nusu, na mikono miwili ya kushikia waya.

Chombo chake kikubwa kilikuwa taa ya kupimia: globu ya taa ya nyuma, waya mbili, na msumari umefungwa kwenye ncha moja. Basi. Kwa kitu hicho alikuwa anatafuta ugonjwa wa gari lolote. Unabana ncha moja kwenye bodi ya gari, halafu kwa msumari unafuata waya hatua kwa hatua, globu inawaka, inawaka, inawaka, halafu haiwaki. Hapo ndipo pana ugonjwa. Alikuwa anasema, "Usiulize kwa nini taa haiwaki. Uliza umeme umeishia wapi." Ninyi mna vipimo vya namba na bado mnaanza kwa kung'oa kila kitu.

Miaka ile globu ilikuwa kama jino la ukubwani, likitoka limetoka. Globu ikikatika uzi wa ndani hatukuitupa. Unaiwasha, unaigonga taratibu kwa ukucha mpaka zile ncha mbili zigusane, zinaungana zenyewe, unapata wiki mbili tatu nyingine. Salehe alikuwa anagonga huku anasema bismillahi, mimi pembeni napiga ishara ya msalaba. Ikiwaka kila mmoja alidai kazi ni ya upande wake.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungulia bidhaa za nje. Wengine mnaisoma kwenye vitabu. Mimi niliijua dukani. Salehe alinituma nikaulize kama ipo globu ya taa ya mbele. Nikauliza, huku nimeshageuza mguu wa kuondoka. Mwenye duka akasema, "Ya aina gani?"

Nilibaki nimesimama. Aina gani! Maisha yangu yote nilikuwa nimejibiwa "hakuna". Nikatoka nje, nikarudi mbio gerejini nikamwambia Salehe, "Fundi, wameuliza aina." Akaweka bisibisi chini. Tukaenda wawili kuangalia, kama watu wanaokwenda kumwona mtoto wa ajabu. Rafu nzima ilikuwa globu. Tulichagua moja, tukaibeba kwa zamu.

Vitu viliingia kama mafuriko. Magari yaliyotumika ya Ujapani, mengine yamepitia Dubai, na nyuma yake vipande vyake: milango, viti, taa. Salehe alipozeeka alihamia Dumila kwa mwanawe, akaniachia taa ya kupimia. Nikaanza kufanya kazi nyumbani, uani, kati ya banda la kuku na choo, nikachagua pikipiki, kwa kuwa taa zake zilikuwa aibu tupu. Mwanga wa pikipiki ya wakati ule ulikuwa kama mshumaa ndani ya chupa ya maziwa.

Vipuri nilinunua kwa Maganga. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, muuza skrepa, na mimi Mluguru, kwa hiyo tulikuwa watani tangu kabla hatujazaliwa. Mtani anakutukana, unamrudishia, na atakayenuna ndiye mjinga. Yakisemwa yamesemwa, hakuna anayekwenda kulala nayo. Hatukuwahi kuamkiana kama watu.

"We mtu wa milima ya ukungu, bado hujafa tu?"

"Nife nani anizike, wewe mpagazi? Utanibeba, utanisahau njiani."

Miaka nenda rudi hivyo, kila asubuhi. Nilikuwa nikimwita mpagazi maana babu zao ndio waliopita huku na mizigo ya watu mabegani, kutoka bara mpaka pwani. Hata yeye alijivunia.

Siku moja akanionyesha taa ya gari iliyopasuka kioo. Ndani yake mlikuwa na jicho: kioo kinene cha mviringo kama jicho la ng'ombe. Ninyi mnaita projekta. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona. Nikaipeleka nyumbani, nikaiunga kwenye betri, nikaielekeza ukuta wa choo, nikawasha.

Nilipiga ukelele jirani akatoka na mchi. Ukuta ule, ambao nilikuwa nauona kila siku, sikuujua. Kila tofali, kila ufa, mjusi na kivuli cha mjusi. Na juu ya mwanga kulikuwa na mstari umenyooka kama pindo la kanga: chini mchana, juu giza. Mstari huo unatokana na kibati kilichosimama nyuma ya kioo, kinachokata mwanga usimpofushe anayekuja mbele. Nilikaa chini mavumbini nikatazama mpaka betri ikachoka.

Kuihamishia kwenye taa ya pikipiki kulinichukua miezi na taa nne zilizokufa. Kioo cha taa ya pikipiki kimegandishwa kwa gundi, ukikibandua kwa nguvu kinapasuka. Dawa niliipata kwenye sufuria yangu ya keki. Unaweka mchanga chini, taa juu ya mchanga, unafunika, mkaa chini na mkaa kidogo juu ya mfuniko. Unasali nusu ya rozari. Ukisali rozari nzima, kioo kinatoka vizuri lakini kile kikombe cha ndani kinachong'aa kinaota malengelenge. Hapo unakata tundu nyuma ya kikombe kwa msumeno wa chuma, unalipachika jicho, unalishika kwa gundi ya chuma, ile ya tyubu mbili. Globu ya gari usiitie, inakula umeme kuliko pikipiki inavyozalisha, tafuta ndogo. Na waya uvute moja kwa moja kutoka kwenye betri, upite kwenye fyuzi na rilei, hiyo rilei ndiyo ibebe mzigo. Waya wa swichi ni mwembamba, ukiupitishia mzigo wote unayeyuka, na mwenye pikipiki anaungua paja. Yupo mmoja, kama anasoma, namwomba radhi.

Nilisifika. Walikuja mpaka kutoka Mazimbu, watu wenye elimu zao, wakasimama kwenye foleni karibu na kuku wangu. Niseme ukweli, nilivimba. Nilikuwa napita barabarani kama mwenye umeme wa mji.

Sasa Anastazia. Ni mzaliwa wangu wa kwanza, mkunga kwenye zahanati moja juu huko Mgeta, upande wa ukoo wetu. Alikuwa na pikipiki ya kazi. Akashuka siku moja kunisalimia, shikamoo haijakauka mdomoni, akasema, "Mama, watu wa mbali wote umewatengenezea. Mimi nikiitwa alfajiri naendesha kwa kubahatisha."

Iliniuma. Nikamfanyia taa bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilichagua jicho lisilo na mkwaruzo hata mmoja. Nilikisafisha kile kibati kwa mswaki mpaka mstari ukawa mkali kama wembe. Ule mwanga wa mbali, mnaouita fulu, niliutoa kabisa kwa sababu jicho lile lina mwanga mmoja tu, nikajisemea mwanga mweupe namna hii, fulu ya nini? Andikeni hapo. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikiwa na furaha.

Jioni tukaijaribu uani. Majirani wamejaa. Nikapima kwenye ukuta, mstari ukakaa chini kidogo ya urefu wa taa, kama nilivyozoea. Maganga akafika, akajipenyeza, akasimama katikati ya mwanga. Akajitazama. Mwanga ulimfika kiunoni.

"Loo! Mtani kanikata vipande viwili!"

"Toka hapo, unaziba ukuta."

"Si nakwambia? Mimi nusu nzima nipo gizani. Huko milimani kwenu watu wanabeba kila kitu kichwani na mabegani. Huyu mtoto ataamkia magoti. Shikamoo magoti! Kichwa kiko juu huko gizani kinajibu marahaba."

Watu walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Anastazia aliinama juu ya usukani anacheka, machozi yanamtoka.

"Taa hii haina mabega," Maganga akaendelea. "Mzigo utauona umeshakupiga."

"Mabega ni kazi yenu, mpagazi. Sisi tunatazama tunakokanyaga."

Nilimshinda. Kila mtu alisema nimemshinda. Asubuhi yake Anastazia akapanda mlima na taa yake.

Siku ya nne nilikuwa nimepika taa uani, nipo kwenye Salamu Maria ya kumi hivi, Maganga akaingia. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

"Habari za asubuhi, mama."

Nikamtazama mdomo. Nikasubiri. Tusi halikuja.

"Maganga, nitukane."

"Sogea hapa ukae, mama."

"Nitukane kwanza!"

Akanishika mkono. Miaka yote ile hakuwahi kunishika mkono. Nilijua kabla hajasema, ila sikujua ni kiasi gani. Akasema lori la mboga limemleta Anastazia hospitali, yu hai, anaongea. Nilitoka bila viatu. Taa iliyokuwa kwenye mkaa iliungua mpaka ikawa kama ugali wa kuungua, sikuikumbuka mpaka jioni.

Jinsi ilivyokuwa alinieleza mwenyewe. Alikuwa ameitwa alfajiri kumfuata mama mwenye uchungu, kijiji cha mbele. Mahali barabara inaposhuka mtoni kisha inapinda na kupanda, aliona miguu. Miguu minane, ukingoni, imesimama. Akahesabu watu wanne. Akapunguza mwendo, akawaachia nafasi, akapita pembeni yao vizuri kabisa.

Wale watu wanne walikuwa wamebeba machela mabegani. Ndani ya machela alikuwa yule mama mwenyewe, wameona wasimsubiri mkunga, wamletee. Walikuwa wanageuka kona, na kwenye kona miti ya machela inafagia barabara. Waliiona taa inakuja, nyeupe, kali, ya ajabu. Wakasimama, wakajua mwenye taa kama ile anaona kila kitu.

Mti ulimpiga Anastazia hapa, kwenye mfupa wa bega. Pikipiki ikaenda upande wake. Machela ikapinduka, yule mama akateleza na uchungu wake mpaka kwenye tope. Alijifungua adhuhuri kwenye kituo cha misheni, mtoto wa kike, mzima. Hilo namshukuru Mungu peke yake, halikutokana na akili yangu.

Nilimkuta Anastazia amefungwa bendeji kifuani kote. Nikavuta kiti nimpe pole. Akaanza yeye.

"Mama, niliiona miguu yao mpaka kucha. Mpaka tope katikati ya vidole. Sijawahi kuona taa safi namna ile."

Bora angenipiga kofi.

"Mfupa utaunga," nikasema. "Utapanda tena."

"Pikipiki nitapanda. Taa yako sipandi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mkunga anavyomwambia mtu jambo lililokwisha. Na pikipiki ya alfajiri bila taa haipandwi, wote wawili tulijua. Kijiji kizima kule juu kilikuwa kinamtegemea mtu huyu mmoja, naye alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama nguo iliyompaukia.

Nje, kwenye ngazi, Maganga alikuwa amekaa.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," nikamwambia.

"Nilikuwa nasema kweli."

"Kwa nini hukuniambia kwa maneno ya watu?"

"Ningekuambiaje? Ningekuja na heshima ungedhani nimefiwa. Mimi na wewe tuna mdomo mmoja tu, wa utani, mama, na huo mdomo haujengi nyumba." Akavaa kofia yake. "Ila mpagazi ndiye anayejua mzigo unakaa wapi. Hapo ulinitukana vizuri."

Nimeshtuka mara nyingi maishani, kwa honi, kwa rafu ya globu, kwa ukuta wa choo. Pale ngazini nilishtuka tofauti. Mtu alisimama ndani ya mwanga wangu, akanionyesha kwa mwili wake mahali umeishia, nami nikamwambia anaziba ukuta. Salehe alinifundisha kuuliza umeme umeishia wapi. Hakuna aliyenifundisha kuuliza mwanga umeishia wapi, na mimi nilikuwa najisifu kwa mstari.

Nilikaa miezi miwili sipokei kazi ya mtu. Watu wa Mazimbu nikawarudisha. Nilitaka kukitoa kile kibati, nikakitoa, na mwanga ukaruka juu wote. Nikamsimamisha jirani mbele yake, akasema haoni hata mkono wake. Nikakirudisha. Nikajaribu kuinamisha jicho, kuinua jicho, upuuzi mtupu. Mwisho nilimwendea Maganga.

"Nipe taa mbovu kuliko zote ulizonazo."

"Ya kuzikia?"

"Nipe, mwizi wewe."

Nilipomwita mwizi alifumba macho kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu. Akachimbua taa ndogo ya ukungu, ya pembeni, ya gari la zamani. Taa ya kizembe kabisa, haina mstari, inatawanya mwanga hovyo kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Niliifunga kwenye kichuma juu ya jicho, nikaiinamisha kwenda juu, nikaipa swichi yake pale kidole gumba kinapofika. Haikuwa nzuri kuitazama. Pikipiki ilionekana kama ina uvimbe kwenye paji la uso.

Na ukuta sikuutumia. Tangu siku ile sijapima taa ya mlimani kwa ukuta, na ninyi msipime. Nilipakia pikipiki yake, iliyokuwa imeletwa mjini baada ya ajali, kwenye lori lililokuwa linapanda kuchukua kabichi, nikapanda nayo hadi Mgeta. Nikawaomba wale watu wa machela waniazime mti wao mmoja. Walinitazama kwanza, wakaniuliza wa nini, nikawaambia. Wakanipa.

Jua lilipozama tukashuka mtoni pale pale, mimi na Anastazia, aliyekuwa amesharudi kule juu. Alikuja kwa ajili ya adabu tu, mkono wake bado mzito. Pikipiki tukaisimamisha upande huu wa maji. Mimi nikavuka, nikapanda kona, nikaweka mti begani, ncha yake ikatangulia barabarani. Mzito ule mti. Nikawaza waliubeba na mtu juu yake, na uchungu wa mtu.

"Washa la chini!" nikapaza sauti.

Jicho likawaka.

"Unaona nini?"

"Miguu yako. Kandambili moja imekatika mkanda."

"Sasa bonyeza juu."

Ile taa ya kizembe ikawaka. Nikangoja. Bega linaniuma.

"Anastazia! Mti unauona?"

"Naona."

"Ncha?"

"Naona ncha. Naona bega. Naona kilemba."

Nikauhamishia ule mti wa watu bega la pili. Kisha akasema, si kwa kupaza sauti, lakini kwenye lile bonde nilimsikia vizuri:

"Mama, unalia."

Nikajipangusa kwa mkono uliokuwa huru.

"Zima hiyo, unamaliza betri."

Hakuzima. Alipitisha mguu juu ya kiti cha pikipiki, akakaa.